Mkono wa Wifi

Herieth wa Kagerankanda hakuzaliwa mbaya, na atakayekuambia alizaliwa mbaya ni mvivu wa kusimulia. Alikuwa binti wa kucheka ovyo, tena kwa sauti. Ubaya aliufundishwa na kurudishwa. Mume wa kwanza alimrudisha kwao kwa sababu hazai. Wa pili hata sababu hakutoa, alimshusha na sanduku lake mbele ya nyumba ya baba yake, akageuza pikipiki, akaondoka. Na nyumba ile ilikuwa na mama wa kambo. Huyo mama wa kambo, hebu niacheni, nikianza kumsema hatutamaliza. Itoshe tu kwamba kila Herieth alipochota upawa wa pili wa maharage, yule mama alikohoa.

Kwa hiyo kaka yake Pasikali, fundi wa kuchomelea mageti pale Kasulu mjini, alipopiga simu kusema mkewe amepasuliwa mkono na nyumba haina mtu wa kupika, Herieth hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Aliuliza gari linapita saa ngapi.

Mke wa Pasikali aliitwa Loyce. Alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Sare za shule nusu ya mji zilipita mikononi mwake, na maharusi walipanga foleni kwake. Kinundu kilimtoka kwenye kifundo cha mkono wa kulia, chini kidogo ya kidole gumba, kikakua mpaka mkasi ukamshinda. Hospitali wakampiga ganzi, wakakitoa, wakashona, akarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa miguu yake huku anatafuna karanga. Ni operesheni ndogo kabisa. Watu huogopa kisu, kumbe kazi iko baada ya kisu.

Siku ya kutoa nyuzi Herieth alimsindikiza wifi yake, akambebea mkoba. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mmoja aitwaye Japhet aliyehamishiwa huko kutoka Singida, aliwakalisha wote wawili akawaonyesha. Alipaka mafuta kidoleni, akakiweka kidole juu ya kovu, akakandamiza mpaka ngozi ikapauka, kisha akazungusha polepole, akavuta juu, akavuta chini, ngozi yenyewe ikitembea pamoja na kidole chake.

"Msipake juu juu," alisema. "Kovu la hapo linapenda kushikana na mishipa ya kidole. Likishashika, gumba halikunji tena. Mkande kila siku, na kidole akikunje kila siku. Itavuta, itauma kiasi, atalalamika. Mwache alalamike. Ila pakivimba au pakitoa maji, mniletee haraka."

"Mpaka lini?" Herieth aliuliza.

"Mpaka gumba liguse kidole cha mwisho bila taabu. Hapo anarudi kwenye cherehani yake."

Nje walimkuta Pasikali anawasubiri na pikipiki. Aliposikia habari alifurahi, akamshika dada yake bega, akamwambia kwa moyo mweupe kabisa, "Mungu akubariki, dada yangu. Mkono huu ukipona tu, nakurudisha nyumbani kwa baba mimi mwenyewe, tena na mfuko wa sukari."

Maskini Pasikali! Alidhani anatoa shukrani. Herieth alisikia kikohozi cha mama wa kambo palepale getini, mchana kweupe. Hapa Kasulu alikuwa na chumba chenye dirisha. Alikunywa chai ya maziwa bila kuangaliwa mdomoni. Majirani walimwamkia kwa jina lake, si kwa habari za waume zake. Sasa akaelewa kwamba vyote hivyo vimefungwa kwenye gumba la mtu, na gumba likikunja, yeye anarudi kwenye jembe na kikohozi.

Jioni ile alimkanda wifi yake kama walivyoonyeshwa. Kweli kabisa, simsingizii. Alikandamiza mara moja tu, Loyce akaruka kwenye kiti.

"Yoo! Wifi unaniua!"

Herieth akaachia. "Pole, pole mama. Basi, tusiende mbio."

Loyce alikuwa mwoga wa maumivu, mwoga wa kutia aibu. Hata kuliangalia kovu lake hakuweza, aligeuza uso ukutani kila lilipofunuliwa; ndiyo maana kujikanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto ilikuwa ndoto. Herieth aliliona hilo, na kwa kuliona akajua kwamba hana haja ya kutenda ubaya wowote. Hakuhitaji dawa wala mganga. Alihitaji kuwa mpole tu.

Na upole akautoa, tena kwa kipimo cha kujaa. Kila jioni alipaka mafuta kwa ncha ya kidole, juu juu, taratibu, kama anayempaka mtoto poda, huku akisimulia vichekesho vya Kagerankanda mpaka Loyce anacheka machozi. Kidole hakukikunja. Akimaliza aliufunga mkono kwa kanga, akautundika shingoni. "Upumzike," alisema. "Mkono umekatwa, wewe unautuma kazi? Hospitali wana haraka zao." Hata siku ya kurudi kwa Japhet ilipofika, alisema, "Ukienda watakukata tena, mimi nakwambia," na Loyce hakwenda.

Majirani wakasifu. Mama Niyubahwe wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye mdomo, alisimama uani akasema kwa sauti, "Jamani wifi wa hivi anapatikana soko gani? Mimi wangu akinikorogea uji, naanza kumwonjesha paka!" Wakacheka wote, na Herieth akacheka kuliko wote. Raha aliyoisikia siku hiyo hakuwahi kuisikia katika ndoa zake mbili. Kusifiwa nako kunalevya.

Ndipo akaja Esteria.

Esteria alikuwa mama yake Loyce, mkulima wa Busunzu, upande wa Kibondo. Mikono yake ilikuwa imekomazwa na mchi na jembe. Alikuja na chupa ya mawese na kikapu cha muhogo mkavu, lakini hakuja kulala kwa binti yake. Kwa Waha mama mkwe na mkwewe hawana mazoea. Hawalali chini ya paa moja, hawali sahani moja, na mmoja akimwona mwenzake njiani hujibanza pembeni kwa heshima. Esteria akafikia kwa Mama Niyubahwe. Asubuhi Pasikali akishatoka kwenda karakana, ndipo aliingia. Alasiri kabla hajarudi, ametoka. Na Pasikali kwa adabu yake, kila alipotaka kupita nyumbani mchana, alipiga simu kwanza kwa Herieth, ili mama mkwe aambiwe na apishe. Mambo yalikwenda hivyo bila hitilafu.

"Mwakeye," Esteria alisalimia mlangoni siku ya kwanza, na hata kiti hakukikalia. Aliutazama mkono uliotundikwa. "Nani kaufunga mkono kama mtoto mgongoni?"

Alifungua ile kanga, akaligusa kovu. Lilikuwa gumu, jekundu, limeanza kunywea ndani. Hakubishana na mtu. Alikwenda hospitali peke yake, akamwomba Japhet amwonyeshe kazi mkononi mwake yeye, akarudi, akakunja kitenge, akakaa chini na kuuweka mkono wa binti yake mapajani.

"Mama! Mama unaniua!"

"Nilikuzaa kwa kelele," Esteria alisema. "Piga tu."

Alikandamiza, akazungusha, akavuta, akakikunja kidole na kukikunjua. Loyce alilia, akang'ata kanga, akamwita mama yake kila jina baya alilolijua. Siku moja alimwambia hivi usoni, "Wewe una roho ya jiwe. Wifi hajanitoa chozi hata tone. Wewe hunipendi!" Esteria mdomo ukamtetemeka. Lakini kidole chake hakikuondoka juu ya kovu.

Na gumba likaanza kukunja. Likafikia kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha cha pete. Loyce aliacha kulia, akaanza kushangaa. Jioni moja alimwonyesha mumewe, na Pasikali akapiga kofi kwa furaha. "Nikimaliza geti la padri tu, nampeleka Herieth kwao. Tumemchosha vya kutosha, dada wa watu."

Herieth alikuwa jikoni anasonga ugali. Aliendelea kusonga hadi ugali ukaungua. Aliingia chumbani kwake, akalitazama sanduku lake chini ya kitanda, akamchukia yule mama wa Busunzu kwa moyo wote.

Mvua ya masika ilimsaidia. Siku ya pili yake ilinyesha tangu asubuhi, Esteria akaingia amelowa, kitenge kimemganda miguuni. Alimkanda binti yake, na Loyce kwa uchovu akapitiwa na usingizi chumbani. Hapo simu ya Herieth ikaita. Pasikali alisema bati la karakana limeng'oka, ameloa chapachapa, anakuja kubadilisha nguo. "Mwambie mama mkwe anipishe kidogo."

"Nitamwambia," Herieth alijibu.

Akaweka simu, akaenda sebuleni. "Mama, Pasikali amepiga. Amekwenda Kakonko kufunga geti, harudi leo. Vua hicho kitenge nikikaushe jikoni, utashikwa na homa ya mapafu. Jilaze hapo kwenye mkeka, nikupikie chai."

Esteria alisita. "Una hakika, mwanangu?"

"Mama! Mimi nitakudanganya?"

Basi yule mama, aliyechoka mgongo na mikono, akavua kitenge akabaki na gaguro, akajinyoosha kwenye mkeka sebuleni kwa mkwewe. Usingizi haujamkolea, mlango ukasukumwa. Pasikali aliingia shati liko mkononi, kifua wazi, anafungua mkanda.

Walitazamana. Nawaambia walitazamana! Esteria alipiga yowe lililowatoa majirani kwenye mvua. Pasikali aligeuka akakimbia hivyohivyo kifua wazi, akajificha nyuma ya choo cha jirani kama mwizi. Esteria alivuta kitambaa cha meza, vikombe vikavunjika, akajifunika kichwa na kukaa kwenye kona.

Loyce alitoka mbio. "Kuna nini?"

"Nilimwambia mama kwamba Pasikali anakuja," Herieth alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Nilimwambia apishe. Labda hakunisikia kwa sababu ya mvua."

"Ulisema yuko Kakonko!" Esteria alilia chini ya kitambaa.

"Mimi? Kakonko? Mama jamani."

Wamwamini nani? Pasikali aliapa kwamba alipiga simu, na Herieth alimjibu kwamba atamwambia. Mama Niyubahwe alisema wazee husahau. Loyce alimtazama mama yake aliyevaa gaguro mbele za watu, na aibu ikamgeuka hasira. "Mama, kwa nini ulivua nguo nyumbani kwa mume wangu?" alisema. Esteria alivaa kitenge chake kibichi, akaondoka kwenda Busunzu mchana uleule. Aibu ya namna ile haifutwi kwa pole. Inataka wazee wa pande mbili, mbuzi na pombe, na Pasikali alisema tungoje mavuno. Mpaka hapo, mama mkwe hawezi kukanyaga Kasulu.

Jioni Herieth alipaka mafuta juu juu, akaufunga mkono kwa kanga, na Loyce, kwa hasira aliyokuwa nayo juu ya mama yake, hakutaka tena habari za kukandwa kwa nguvu.

Msiniulize kama usingizi ulimjia. Ulimjia vizuri sana.

Mavuno yalipofika, gumba la Loyce lilikuwa limesimama kama kigingi. Walikwenda hospitali, Herieth alibaki nje kwenye benchi, anazungumza na wagonjwa. Loyce alikaa ndani kwa Japhet muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa mkavu. "Limeshika," alisema. "Wanasema labda nikapasuliwe Mwanza, na wao wenyewe hawana uhakika." Alimwangalia wifi yake kitambo. "Twende nyumbani."

Cherehani ikafunikwa shuka. Loyce hakuweza kushika mkasi wala sindano, hakuweza kufunga kifungo, kumenya ndizi, wala kukamua nguo. Kila kitu akawa anamwita Herieth, na Herieth akaitika kwa furaha, maana habari ya kurudi Kagerankanda haikutajwa tena. Loyce hata akamfundisha kushona, kazi ndogondogo za viraka na pindo. Alimfundisha kwa uvumilivu mkubwa. Herieth alimwona wifi yake ni mjinga mwenye moyo mzuri, na karibu ampende.

Kupitia cherehani hiyo akaja Longinus. Alikuwa mkulima wa tangawizi kutoka Buhigwe, mjane aliyefiwa na mke, aliyeleta suruali ipunguzwe. Suruali ilipunguzwa, akaleta nyingine. Kisha akaleta shati ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Herieth alicheka kwa ile sauti yake ya zamani, na Longinus akasema, "Cheko hilo ndilo nililolifuata, shati lilikuwa nauli."

Herieth alimweleza ukweli, kwamba hazai, kwamba amerudishwa mara mbili. Longinus alijikuna shingo. "Watoto ninao, tena watundu. Nataka mtu wa kucheka naye jioni." Basi Herieth akapenda. Hakuwa amewahi kupenda, alikuwa ameolewa tu. Akiosha vyombo aliimba, akimsubiri mtu wa Buhigwe alisahau chumvi. Kila alichokuwa akikiogopa duniani, mwanaume huyu alikifuta kwa neno moja, na hata kile chumba chenye dirisha hakukitaka tena.

Longinus alituma mshenga, mzee Manirambona, mtu mzito wa kanisani. Walikaa sebuleni Jumapili, Pasikali, wazee wa jirani na Mama Niyubahwe. Manirambona alisema maneno yake vizuri, na Pasikali, ambaye baba yake alimwachia mamlaka, akasema yeye hana kipingamizi, lakini binti asikilizwe mwenyewe. Herieth alikuwa mlangoni, jibu liko kwenye ulimi.

"Kabla hajasema," Loyce aliomba kwa upole, "naomba wifi anisaidie kidogo chumbani. Gauni limenifunguka."

Waliingia. Loyce akafunga mlango kwa kisigino, akampa mgongo ili afungwe vifungo.

"Siku ile hospitali, Japhet aliniuliza nakandwaje," alisema. Hakupandisha sauti. "Akanipa mkono wake, akasema nionyeshe. Nikamwonyesha kwa kidole cha kushoto, vilevile unavyonifanyia. Akacheka. Alidhani namtania. Nilipomwambia ndivyo hivyo kila siku, akaacha kucheka."

Vidole vya Herieth vilisimama kwenye kifungo.

"Ile habari ya siku ya mvua nikaielewa palepale kwenye kiti. Mama yangu nilimvua utu mbele za watu kwa ajili yako. Nilimpigia simu, nikalia, akanisamehe. Akasema, mfukuze huyo leo hii. Nikamwambia hapana, mama. Nikimfukuza sasa anapoteza nini? Ngoja kwanza apate kitu anachokitaka kweli."

"Wifi," Herieth alipiga magoti, akamshika miguu. "Wifi nimekosa. Nisamehe, nitakukanda usiku na mchana, nitakwenda Busunzu kwa magoti. Usinifanyie hivi. Huyu mtu, wifi, huyu mtu ananipenda."

"Najua. Nimemwona. Ni mtu mzuri sana." Loyce aligeuka, akamfuta machozi kwa kiganja chenye gumba lililosimama. "Sasa chagua. Toka ukamkatae mwenyewe, ubaki hapa na jina lako zuri. Au nitoke mimi niwaeleze wote ulivyonikanda, na mzee Manirambona ayapeleke Buhigwe kama yalivyo. Longinus akukumbuke kwa lipi?"

Kutoka sebuleni walisikia mtu anakohoa kuashiria kwamba wanasubiri.

"Nifunge hicho cha juu," Loyce alisema. "Watu wanatungoja."

Herieth alifunga. Akajipangusa uso kwa kanga, akatoka, akasimama mbele ya wageni. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa kavu, lakini maneno yalitoka yote.

"Mwambieni Longinus nimeshukuru. Lakini siwezi kumwacha wifi yangu. Mkono wake ndio huu mnaouona. Nani atamtunza?"

Pasikali aliinamisha kichwa, machozi yakamtiririka mtu mzima. Mzee Manirambona alisimama, akavua kofia. "Nimekwenda kuposa nyumba nyingi," alisema, "sijaona upendo wa namna hii. Nitamwambia Longinus asihuzunike, atafute kwingine, maana hapa pana kazi ya Mungu." Na Mama Niyubahwe akapiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani.

Loyce aliketi karibu na mumewe. Alisubiri vigelegele viishe, kisha akasema, "Wifi, wageni hawajanywa chai."

Herieth akaenda jikoni kuwasha moto.